Turudishieni kiwanja cha kambi

Mwezi uliopita nilirudi ku Likasi, mu kambi nilimokomalia, kwenda kuzika mutu wa jamaa. Kisha mazishi nikasema: ngoja nipite kwanza ku kiwanja chetu. Mule njo tulijifunza kucheza mupira na miguu wazi. Mule njo wazee wetu walikuwa wanakutana kila siku ya Mungu kisha misa. Nilifika, nikasimama. Goli moja ilikuwa imekatwa, chuma zake zimeuzwa. Ya pili ilibakia na mulingoti mumoja. Katikati ya kiwanja, makamyo saba ya kampuni moja yalikuwa yamepangwa moja nyuma ya ingine. Mulinzi akanifuata, akaniambia na heshima: « Papa, hapa habapitake. »

Sikumukasirikia. Yeye anatafuta posho ya watoto wake. Lakini njia yote ya kurudi ku Lubumbashi neno lile lilinikaa mu kichwa. Habapitake. Mu kiwanja chetu sisi wenyewe.

Wasomaji, sitaki leo kulia juu ya mambo ya zamani tu. Niko na neno moja la kusema, nalisema wazi: kwenda kuona mupira, muziki ao teatri na macho yako, pamoja na watu wako, si starehe ya wenye mali. Kwa sisi watu wa kazi ya mine, na kwa wake na watoto wetu, ni kitu cha lazima. Na fasi ya kufanyia vile, ile ndogo ya pale kambini, hakuna mutu mwenye haki ya kutunyanganya.

Niwaambie kwanza nilijulia wapi neno hili.

Nilikuwa na miaka kenda, mwanzo wa miaka ya 1980. Baba alikuwa anafanya kazi ku Shituru, mu fabriki ya shaba, kazi ya poste: wiki moja asubui, wiki moja mangaribi, wiki moja usiku. Sisi watoto tulimujua baba zaidi kwa sauti ya viatu vyake pa mulango, na kwa neno moja la mama: « Munyamaze, baba analala. » Alikuwa mutu muzuri, lakini hakusema. Alikula, alilala, aliondoka.

Siku moja ya Mungu akaniamsha mbele jua halijatoka. « Vaa viatu. Tuko nakwenda ku Lubumbashi, ku mupira. »

Mama alikuwa amekwisha kufunga bukari na samaki mu sahani ya chuma na kitambaa. Tulipanda kamyo pamoja na wanaume wengine wa kambi, karibu kilometa 120 za barabara, vumbi mu macho. Siku ile ilikuwa Mazembe na Lupopo. Jirani yetu alikuwa wa Lupopo, juu ndugu yake alifanya kazi ku treni, na Lupopo tangu zamani ni timu ya watu wa treni. Baba alikuwa wa Mazembe. Njia yote walitaniana.

« Leo tutabapiga mbaka mutarudia na miguu. »

« Eh, bwana, ngoja tufike kwanza. »

Nilishangaa. Sikujua kama baba anajua kutania.

Pa mulango wa kiwanja kikubwa cha Kenya, kile tunaita leo Kibassa Maliba, watu walikuwa wengi sana mbaka nilikuwa naona paka migongo na mikaba. Baba akanishika mukono, akainama pa sikio: « Ukipotea, usikimbie. Simama fasi moya. Miye njo nitakuya kukutafuta. » Mbaka leo, kila shida inaponipata, nasikia maneno yale.

Kisha tukaingia. Yeyote aliyeingia mara ya kwanza anajua ile nasema. Unatoka mu giza ya mulango, mara moja majani yanakufungukia mbele ya macho, makubwa, kijani, na watu pande zote, huku nyeusi na nyeupe, kule manjano na bleu. Kelele haiingii mu masikio tu, inapita mu kifua. Mazembe ilipotia goli ya kwanza, baba alinibeba juu, akatupa kofia yake hewani, na ile kofia haikurudi. Alilia kwa sauti ambayo sikuisikia kwake hata siku moja. Watu asiowajua walimukumbatia. Alikuwa anacheka na machozi yanatoka.

Ukiniuliza leo nani alishinda siku ile, sikumbuki. Nakumbuka kurudi. Usiku, mu kamyo, baba na yule jirani wa Lupopo walikula bukari ya mama mu sahani moja, mikono miwili mu mboga moja, wakati wale wengine wanaimba. Kesho yake baba alirudi ku kazi: viatu vile vile, usingizi ule ule. Lakini miye nilikuwa nimemuona. Nilijua kama ndani ya yule mutu anayelala kuna mutu mwingine. Kitu kile hakuna shule ingeweza kunifundisha.

Sasa kuna watu watasema: mambo hayo ni ya zamani, leo kila nganda iko na televizyo, mupira wa Ulaya unaufuata mbaka jina la mufunga viatu. Ni kweli. Na miye siko adui ya televizyo. Tarehe 14 Desemba 2010 nilikuwa mbele ya televizyo kama Katanga yote. Mazembe ilipiga Internacional ya Brazil 2-0 kule Abu Dhabi, goli ya Kabangu na goli ya Kaluyituka, na Kidiaba akaruka-ruka na matako mu majani mbele ya dunia nzima. Timu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya kombe la dunia la ma-club. Siku nne nyuma Inter ya Milan ilitupiga 3-0, lakini nani alisikia uchungu kweli?

Lakini mukumbuke vizuri siku ile ya 14. Firimbi ya mwisho ilipolia, nani alibakia mbele ya kioo? Hakuna. Mu nganda tulimokuwa, hata mwenyewe wa nganda aliacha makuta yake juu ya meza akatoka mbio. Wote tulienda inje, mu barabara, kutafuta watu wengine. Televizyo ilituonyesha mupira, lakini furaha yetu ilikuwa inahitaji fasi. Furaha ya watu wengi haienei mu nganda.

Nije ku siku ya pili, ile ninayoibeba zaidi ya zote.

Mwaka 2003 na 2004, wafanyakazi zaidi ya 10.000 wa Gécamines waliondoka kwa ile tuliita départs volontaires. Baba alikuwa mumoja wao. Namna gani ilikuwa volontaire, muulize kila jamaa iliyoipitia. Franga zile zilikwisha mbio. Kisha mama akafariki. Kisha macho ya baba yakaanza kuharibika, mbaka akawa anaona paka kivuli na mwanga. Alikaa pa kiti mbele ya nyumba. Akarudi mu kunyamaza kwake kwa zamani.

Siku ya Mungu, tarehe 8 Novemba 2015, Mazembe ilikuwa inangojea USM Alger mu fainali ya Ligi ya mabingwa wa Afrika, hapa Lubumbashi, mu kiwanja chake cha Kamalondo. Kule Algiers ilikuwa imekwisha kushinda 2-1. Nilinunua tiketi tatu: yangu, ya binti yangu mwenye miaka kumi, na ya baba. Mu jamaa walinicheka. « Muzee haone, unamupelekea nini? Ni kutupa makuta. » Baba alisikia. Akasema: « Hapana kuona mupira. Miye nakwenda kusikia batu. »

Tulikaa. Kiwanja kile kiko na fasi karibu 18.000, na siku ile hapakuwa hata fasi ya kuweka mukono. Fanfare ya ba-supporteur haikunyamaza. Binti yangu akawa macho ya kambo yake.

« Kambo, beko nakwenda mbele! »

« Nasikia. »

« Kambo, bamemuangusha! »

« Nasikia, mwana. »

Na kweli alisikia. Alijua mbele yetu sote mupira uko upande gani, juu kelele ilikuwa inatembea pamoja na mupira. Mbaka robo ya saa ya mwisho ilikuwa 0-0. Kisha penalti. « Nani anapiga? » Binti akajibu: « Samatta. » Yule kijana wa Tanzania ambaye Lubumbashi ilikuwa imemufanya mutoto wake. Kiwanja chote kilinyamaza. Watu elfu na elfu, unasikia paka mutoto mumoja analia mbali. Baba akatushika mikono, miye huku, mujukuu kule. Kisha sauti ikatoka, kama mulima unaanguka, na baba akasema polepole, mbele mutoto hajafungua kinywa: « Imeingia. »

Pa dakika za mwisho kabisa Assalé akatia ya pili. 4-1 kwa zote mbili, kombe la tano, kisha lile la 1967, la 1968, la 2009 na la 2010. Baba alisimama. Mutu aliyekuwa hasimami bila fimbo alisimama, akaimba mbaka mwisho.

Baba alifariki miaka miwili nyuma. Pa kilio, wakubwa walisema kazi yake, miaka yake ku Shituru, uvumilivu wake. Vizuri. Binti yangu akaomba neno. Akasema: « Kambo alisikia penalti mbele miye kuiona. » Watu wote walicheka mu machozi. Namna ile njo jamaa yetu inamukumbuka.

Na si mupira tu. Wazee wa Lubumbashi wanakumbuka Jecoke, na kundi la Mufwankolo waliocheza teatri mu Kiswahili chetu hiki, na watu wakacheka juu walijiona wao wenyewe: kapita, mulevi, mwanamuke mwenye kinywa, tajiri wa uongo. Uliza vijana wa Katuba ao Kenya wakuambie karindula inafanya nini wakati inafika mu barabara: ile gitare kubwa ya pipa na ngozi ya mbuzi, watu wanazunguka, mama mumoja anaacha sokoni kwanza, anaingia kucheza. Muziki ule mu telefone unausikia, ndiyo. Lakini hauwezi kuingia kucheza ndani ya telefone.

Sasa nisikie wale wanaonipinga, juu wako na maneno yao.

Wa kwanza wanasema: « Mutoto analala na njaa, maji hakuna, masomo ni makuta, na weye unatuletea mambo ya kiwanja? » Ninakubali. Maji mbele, shule mbele, lopitali mbele. Hakuna mutu mwenye akili atatoa banki mu darasa juu ya kutengeneza goli. Lakini kiwanja cha kambi hakiombi kwanza makuta mingi. Kinaomba kwanza kisinyanganywe. Kuondoa makamyo saba si bei ya lopitali.

Wa pili ni wasomi. Wanasema: mupira waliuleta wazungu na mapadri juu ya kutulaza usingizi, ili mufanyakazi asifikiri mushahara wake. Kuna kweli ndani. Mazembe yenyewe ilianzishwa mwaka 1939 na mapadri Wabenedikto. Union Minière ilipenda mufanyakazi acheze, kisha arudi ku kazi bila maneno. Lakini wasomi wale wasisahau Desemba 1941. Wakati wafanyakazi wa Union Minière ku Élisabethville walikataa kazi juu ya mushahara, walikusanyika wapi? Mu kiwanja cha mupira. Tarehe 9 Desemba askari waliwapiga risasi pale pale, na musemaji wao Léonard Mpoyi akafa pamoja na wengine wengi. Mutu anaweza kukujengea kiwanja juu ya usingizi wako. Lakini siku watu wanakutana ndani, wanaonana, wanahesabiana, kiwanja kile si chake tena. Miye nafikiri njo sababu watu wengine leo hawaone mubaya wowote kama tunabaki kila mutu mu nyumba yake na kioo chake.

Wa tatu wanasema: kiwanja ni hatari. Hapa sicheke. Tarehe 11 Mei 2014, ku Kinshasa, mu kiwanja cha Tata Raphaël, mu mechi ya V.Club na Mazembe, watu 15 walikufa. Walikuwa wameenda kuona mupira, kama baba na miye. Miye mwenyewe, mu mechi moja ambayo sitaitaja, nilikuta mulango mumoja tu umefunguliwa, na pale mulangoni vijana wanapokea makuta ya watu wasio na tiketi, wanawapitisha mbaka ndani hakuna pumzi tena. Nilikuwa na mutoto pa mabega. Nilirudi nyumbani bila kuona mechi, na sijutie. Lakini dawa ya hatari ile si kukataza watu kuenda. Dawa ni milango mingi inayofunguka kwa inje, tiketi kwa hesabu ya fasi, na watu wa mulango wanaolipwa vizuri ili wasiuze roho za wengine.

Sasa nifike ku ile ninaomba.

Sheria ya mine iliyobadilishwa Machi 2018 inasema kampuni ya mine inapashwa kutoa kwa uchache 0,3% ya pesa za mauzo yake kwa maendeleo ya watu wanaokaa pale inapochimba. Inasema tena kampuni itie saini cahier des charges pamoja na wakaaji. Na kwa ile redevance ambayo kampuni inalipa serikali, 15% ni ya commune, muji, chefferie ao secteur ya pale pale. Si zawadi. Ni haki, imeandikwa.

Basi, weye uko mu kamati, weye unaitwa mu mukutano wa kuandika cahier des charges: kisha kuandika maji, shule na lopitali, andika mustari mumoja tena. Andika kiwanja. Usiandike stade ya kuonyesha wageni, yenye picha nzuri na makuta inayopotelea njiani. Andika vitu hivi tu: udongo ulionyooshwa, goli mbili za chuma, mabanki ya kukalia, kivuli kwa wazee, maji ya kunywa, vyoo vya wanawake kando, ukuta wenye milango mine, na jukwaa dogo la simenti kwa muziki na teatri. Na juu ya yote, karatasi ya commune inayosema kiwanja hiki ni cha watu, hakiuzwe, hakikodishwe, hakifanywe fasi ya makamyo.

Kwa wakubwa wa kampuni naomba kitu kimoja: mupange mechi za kambi kufuatana na kazi ya poste. Mutu anayetoka usiku asiambiwe mupira ni saa mbili asubui. Na wale wa kampuni ndogo za sous-traitance wasiachwe inje, pamoja na ba-creuseur. Wao pia ni watu wa kambi hii, watoto wao wanacheza mu vumbi moja na wetu.

Kwa baba zangu na ndugu zangu, niko na neno ambalo linaniuma miye kwanza. Mama yangu alipika bukari ya safari ile, na ya safari zingine zote. Hakuenda hata siku moja. Hakuna aliyemukataza. Hakuna pia aliyemuuliza. Alikufa bila kuona ile majani inavyofunguka mbele ya macho. Miye na baba tulikula bukari yake mu kamyo, tukasifu samaki, na hatukufikiri. Basi siku ya mushahara, mbele ya chupa ya tatu, hesabu: bei ya chupa zile inaweza kupeleka mutu mwingine wa nyumba yako ku kiwanja. Muulize mama wa watoto. Muulize binti. Pengine atasema hapana, ni haki yake. Lakini muulize.

Nimalize na yule mulinzi. Wakati nilikuwa naondoka, nyuma ya kamyo ya mwisho nikaona watoto sita ao saba. Walikuwa wamejipatia kafasi kadogo kati ya magurudumu na ukuta, hatua kumi hivi, mawe mawili goli, mupira wa masashe yaliyofungwa na kamba. Mulinzi alikuwa anawaona, akageuza uso, akajifanya haoni. Kisha nikamuona amesimama, anawatazama. Mutoto mumoja akatia goli. Yule mulinzi, peke yake, akapiga mikono.